Usiiguse graviti kabla hujapima namna mtelezaji anavyotua

Ishia hapo ulipo, na hiyo graviti, yaani nguvu inayovuta vitu chini, usiiongeze maradufu. Umeeleza kwamba katika gemu yako ya kuteleza kwa skii kwenye majabali mtelezaji huelea kama puto anaporuka na hufa kila akianguka zaidi ya mita 10, na kwamba umeshauriwa ubadilishe graviti ya 9.81 (mita kwa sekunde mraba) iwe 19.62, kisha uendelee na theluji laini na sarakasi za hewani. Ushauri huohuo nilipewa na mwalimu wa kozi niliyoilipia, nao ndio ulioniharibia kazi kubwa kuliko kitu kingine chochote katika mradi wangu.

Graviti haifanyi kazi hewani peke yake. Ndiyo inayomteremsha mtelezaji mlimani, kwa hiyo nilipoiongeza, mhusika wangu akawa anaipita rekodi ya dunia ya kasi ya skii, kilomita 255.5 kwa saa, aliyoiweka Mfaransa Simon Billy huko Vars, Ufaransa, mwaka 2023, ilhali amesimama wima na mkoba mgongoni. Mwalimu akasema niongeze msuguano. Nikauongeza, na miteremko ya wastani ikawa haipitiki. Akasema basi niupunguze kwenye miteremko hiyo tu, na kufikia hapo skii hazikuwa tena na tabia inayoeleweka, huku majabali niliyoyapanga kwa uangalifu yakiwa hayarukiki, kwa sababu kwa kasi ileile ya kuondokea mruko ulikuwa umefupika. Hasira yangu kwake haijaisha, kwa kuwa mtu anayelipwa kufundisha fizikia ya gemu alipaswa kuniuliza jambo moja kabla ya kugusa namba yoyote: mgongano wa kutua unaupimaje?

Chukua jabali la mita 20. Tukiacha ukinzani wa hewa, kuanguka huchukua sekunde 2 hivi, na mtelezaji hufika chini kwa kasi ya kushuka ya karibu mita 20 kwa sekunde. Akitua kwenye theluji ngumu iliyo tambarare, kasi hiyo yote huishia magotini na kwenye uti wa mgongo. Lakini akiwa aliondoka na kasi ya mbele ya mita 15 kwa sekunde, na akatua kwenye mteremko wa nyuzi 40, kasi inayougonga mteremko kwa pembe mraba ni kama mita 5.5 kwa sekunde tu, sawa na kuruka kutoka kimo cha mita moja na nusu hivi, na iliyobaki inaendelea kuwa mwendo wa kuteremka. Ndiyo maana watelezaji halisi huchunguza kwanza mahali pa kutua. Msimbo wako unamuua mtu ambaye mlimani angeendelea na safari yake, na unamwacha hai anayeruka mita 9 na kutua penye tambarare. Futa hiyo mita 10, na adhabu ya kutua itokane na kasi ya pembe mraba peke yake.

Kuhusu kuelea, simamisha nguzo ya mita 20 kando ya jabali, dondosha jiwe kutoka ncha yake, utazame saa. Likifika chini kwa sekunde 2, graviti yako ni sahihi, na kinachokudanganya ni kamera iliyo mbali mno au jabali ulilolichora refu kuliko unavyodhani. Fanya kipimo hicho kabla hujabadilisha namba yoyote, kisha utuletee hapa kasi ya pembe mraba ya mruko wako wa kwanza.