Jibu: mita ya oksijeni ya utando au ya mwanga kwa bwawa la mwatiko?

Wa alaykum salaam. Kaka wa Bumbwini, umeuliza mambo mawili: ununue mita ya utando au ile ya mwanga ya kupimia oksijeni iliyoyeyuka majini, na ile rangi ya waridi kwenye kifuniko cha mita ya mwanga, kile cha ncha inayozama majini, ni kitu gani. Nimetumia zote mbili kwenye bwawa letu la samaki wa mwatiko huku Pemba, na kila moja imenitia hasara kwa zamu yake.

Ya utando sikushauri. Ni ufundi wa Mmarekani Leland Clark wa miaka ya 1950, na si mbaya, lakini inakula oksijeni ile ile inayoipima. Ukiituliza mahali pamoja namba inashuka yenyewe, kwa hiyo lazima uikoroge kutwa. Tena tope letu la mikoko, lile linalonuka yai bovu, gesi yake inaiharibu elektrodi, yaani kile chuma cha kupimia kilicho nyuma ya utando. Yangu haikumaliza hata msimu wa kaskazi.

Sasa hiyo rangi. Ni molekuli zenye platinamu katikati, zimezungukwa na pofirini, jamaa wa kile kinachoipa damu wekundu wake. Nyingine hutumia metali ya rutheni. Zimechanganywa kwenye plastiki nyembamba inayopitisha oksijeni. Taa ndogo ndani ya mita inazimulika, nazo zinabaki zikiwaka kidogo baada ya taa kuzimika. Kidogo kweli: za platinamu ni makumi ya maikrosekunde, za rutheni chache tu. Uzito wa platinamu ndio unaoisukuma molekuli kwenye hali inayochelewa kuzimika, na humo kwenye kuchelewa ndimo oksijeni inamopata nafasi ya kuikumba, kuchukua ile nguvu na kwenda zake nzima. Hailiwi. Oksijeni ikiwa nyingi, molekuli inazimika upesi. Ikipungua, inawaka zaidi. Wanasayansi Stern na Volmer waliiandikia hesabu yake mwaka 1919, na mita yako inaifanya hadi leo.

Ukinunua, uliza kama inapima muda wa kuzimika au ukali wa mwanga tu. Hapa usikubali maneno ya dukani. Rangi hupauka kwa jua, na mwani huota juu ya kifuniko. Mita ya ukali ikiona mwanga umefifia inadhani oksijeni imejaa, nawe unalala usingizi wa pono. Muda wa kuzimika haujali sana molekuli zimebaki ngapi.

Hasara yangu lakini haikutokana na rangi, ilitokana na chumvi. Ile plastiki inahisi msukumo wa oksijeni, haijui kama maji ni ya kisima au ya bahari. Kwenye nyuzi 30 maji baridi yakishiba yanabeba kama miligramu 7.5 kwa lita, ya bahari kama 6.2. Mita yangu ilitoka dukani imewekewa kiwango cha chumvi sifuri, nami sikugusa. Siku za maji mafu, bwawa halijapata maji mapya, nikasoma 5.2 wakati wa magharibi, nikaenda zangu msikitini nimetulia. Kweli yake ilikuwa 4.3 hivi, na usiku mwani na samaki wote wanavuta kutoka humo humo. Alfajiri nikawakuta wanahema juu, na ndoo mbili zimekwisha kufa. Mwatiko mvumilivu, lakini sikwambii nilivyowajaza bwawani.

Kwa hiyo iwekee mita kiwango cha chumvi ya maji yako mwenyewe, na kaskazi ikikausha bwawa uipime upya, maana inapita ya bahari. Kipimo cha juu cha mita, cha oksijeni iliyoshiba, nakirekebisha kwa kukiacha kifuniko kwenye chupa yenye sponji bichi, kisigusane na maji. Sifuri kwa maji yaliyotiwa salfaiti ya sodiamu. Usikipanguse kwa spiriti! Kijana wetu alifanya hivyo kwa usafi wake, plastiki ikaharibika, nikanunua kifuniko kingine kwa bei iliyoniuma. Hata ukikitunza, watengenezaji wengi wanakihesabia mwaka mmoja au miwili, basi iweke bei yake kwenye hesabu kabla hujalipia mita.

Na pima kabla jua halijachomoza, karibu na tope. Juu ya maji saa nane mchana kila bwawa ni zuri.