Re: Sanduku la vifaa kwa fundi bomba anayeanza

Ndugu, umeuliza ununue sanduku la plastiki au la bati, na uanze na vifaa gani.

Chukua la bati. Nenda Kamukunji, Nairobi, kwa mafundi wa jua kali, mpatane bei, lakini kagua bawaba na mahali pa kufuli kabla hujalipa. Kwa mjengo vitu hutembea vyenyewe, si unajua.

Ndani, tanguliza spana za bomba, na ziwe mbili. Moja inashika bomba, nyingine inazungusha. Ukitumia moja pekee, nguvu yote inaenda kwa kiungo kilicho ndani ya ukuta, kinalegea, halafu landilodi anakudai wewe plasta. Ongeza spana ya kurekebisha mdomo, msumeno wa kukatia chuma na tepu ya kupimia. Tefloni, ile tepu nyembamba ya kuziba nyuzi za bomba, usikose: izungushe upande ule ule utakaokazia kiungo, la sivyo itajikunjua na maji yatavuja.

Zile seti kubwa za bei rahisi zinazouzwa kando ya barabara achana nazo; nusu yake hutagusa. Bisibisi utanunua ukipata kazi ya kwanza.