Mchumba wangu yuko Leeds. Nitajuaje kama kweli aliachana na mkewe?

SWALI

Mama, pokea salamu zangu. Nina miaka 34, ni fundi wa nguo hapa Uhuru Market, Jericho. Nashona sare za shule. Nina mtoto mmoja wa kiume wa miaka minane. Miaka miwili iliyopita nilifahamiana kwenye intaneti na mwanaume wa Leeds, Uingereza, mwenye umri wa miaka 51. Amekuja Nairobi mara mbili, na mara ya pili nilimpeleka kwetu Machakos akawasalimu wazazi. Sasa anataka niende tufunge ndoa kwao, na tumeanza kujaza fomu za visa ya mchumba.

Tangu mwanzo aliniambia alikuwa na mke wakaachana mwaka 2021. Nilipomwomba hati, alinitumia picha kwa WhatsApp. Ni karatasi ya korti yenye muhuri, na juu imeandikwa "decree nisi". Jirani yangu wa kibandani anasema karatasi ni karatasi, niende. Mamangu anasema kumdai mtu hati zaidi ni kumwita mwongo, nitamkasirisha bure. Lakini mimi silali vizuri, na mteja wa kununua cherehani zangu mbili ameshapatikana.

Baba wa mtoto wangu tuliachana mwaka 2019 baada ya kukaa pamoja miaka minne. Yeye hatukufunga ndoa, watu wake walileta tu mbuzi nyumbani. Nifanyeje?

*Fundi, Umoja*

JIBU

Mwanangu, cherehani usiuze. Mwambie huyo mteja angoje.

Nimekuwa karani wa wakili miaka 22 hapa mjini, na kazi yangu kubwa ilikuwa kubeba karatasi za watu kuzipeleka kortini na Sheria House kwa Msajili wa Ndoa. Karatasi uliyotumiwa naijua. Inaweza kuwa halali kabisa, muhuri wake halali, na mwenye kuituma akawa bado ni mume wa mtu.

Hilo neno "nisi" ni Kilatini, maana yake "isipokuwa". Kwa sheria ya Uingereza ya wakati huo, korti ilikuwa inasema hivi: tumeona sababu ya kuivunja ndoa hii, nayo itavunjika isipokuwa kitokee kizuizi. Baada ya hapo ilibidi zipite wiki sita na siku moja, ndipo aliyefungua kesi aombe karatasi ya pili, iitwayo "decree absolute". Hiyo ya pili ndiyo talaka. Haiji yenyewe kwa kupita siku, lazima iombwe. Na wapo wengi wanaokaa miaka bila kuiomba, wengine kwa kusahau, wengine kwa makusudi kwa sababu hawajamaliza kugawana nyumba na pensheni. Kwa hiyo simwiti mchumba wako mwongo. Yawezekana anayo ya pili kwenye droo akapiga picha karatasi isiyo hiyo. Yawezekana pia yeye mwenyewe anadhani yamekwisha.

Kuanzia tarehe 6 Aprili 2022 majina yamebadilika huko: ya kwanza inaitwa "conditional order" na ya mwisho "final order". Kesi zilizofunguliwa kabla ya hapo ziliendelea na majina ya zamani. Yake ikiwa ni ya 2021, wewe tafuta neno "absolute". Ukiliona, linganisha majina yake na yale ya kwenye pasipoti, herufi kwa herufi.

Sasa hofu ya mamako. Mwambie nimemsikia, na ninamheshimu, lakini akumbuke yeye mwenyewe alivyoposwa. Je, wazee walipokea posa bila kutuma mtu kwa siri akaulize kule kijijini? Kijana ni wa nyumba ya nani, amewahi kuoa, yule mke wa kwanza aliondoka kwa nini? Hakuna aliyeona ni tusi. Leeds hatuna shangazi wa kumtuma, basi karatasi ndiyo itakayotusemea.

Naandika haya kwa uchungu kwa sababu binti wa dada yangu aliolewa nje mwaka 2009. Mimi ndiye niliyemsindikiza uwanja wa ndege. Nilimwuliza habari za gauni, habari za baridi, habari za chakula. Hati ya talaka ya yule bwana sikuiulizia, mimi niliyekuwa nikizishika za wateja kila wiki. Mwezi wa saba, mke wa yule bwana alibisha mlango akiwa na watoto wawili. Binti yetu alirudi na lile sanduku alilokwenda nalo, kibandiko cha ndege bado kimening'inia kwenye mkono wa sanduku. Kazi aliiacha alipoondoka, nyumba aliirudisha kwa landlodi, na kwa mwaka mzima hakutaka kwenda kanisani kwa kuogopa kuulizwa.

Basi mwandikie leo, bila kuzungukazunguka. Mwambie umeona karatasi aliyotuma, umeelezwa kuwa ni ya hatua ya kwanza, na unaomba ile ya mwisho. Mwambie hata ofisi ya usajili huko kwao itamdai. Hilo ni kweli: kabla ya ndoa lazima wote wawili mwende mkatoe taarifa, isubiri siku 28 au zaidi, na aliyewahi kuoa huonyesha hati ya mwisho ya talaka. Kwa hiyo humwombi kitu ambacho hatakitoa. Unamwomba akitoe kabla hujapanda ndege.

Akijibu kwamba imepotea, hiyo nayo ina dawa. Korti ya familia ya London, Central Family Court, hutafuta kwenye orodha ya talaka zote za England na Wales. Fomu yake inaitwa D440. Mtu yeyote anaweza kuijaza, hata wewe hapo Jericho, ukaandika majina ya wanandoa na miaka unayodhani, ukalipa ada kwa pauni. Talaka ikipatikana unaletewa nakala. Isipopatikana kwa majina na miaka iliyo sahihi, na yeye anasema aliachania England, basi, mwanangu, huyo bwana huenda bado ana mke. Ila orodha hiyo haigusi Scotland, wala haigusi ndoa aliyofunga nchi nyingine. Mwulize waziwazi alifungia wapi na mara ngapi, na akujibu kwa maandishi.

Wengine wenu mmeniuliza kuhusu wachumba wa Ujerumani na Uswidi. Huko kila mkazi yuko kwenye daftari la serikali, na anaweza kuomba cheti kinachosema ana mke, hana, au ameachana. Mwombeni hicho. Uingereza haina daftari la namna hiyo, wala Marekani, ambako kwa kawaida kila kaunti huhifadhi hati zake za ndoa na kila jimbo lina korti zake. Ndiyo maana namng'ang'ania huyu wa Leeds karatasi.

Ukienda na visa ya mchumba bila haya kujulikana, utakuwa na miezi sita ya kufunga ndoa, na ndani ya miezi hiyo huruhusiwi kufanya kazi, hata kushona sketi moja ya kulipwa. Ndoa ikifungwa na mtu mwenye mke, kwa sheria yao ni batili tangu siku ya kwanza. Yeye anaweza kufungwa hadi miaka saba. Wewe huna ndoa, huna visa ya mke, na cherehani zako anazo mtu mwingine.

Nimefika kwa wale mbuzi.

Uliandika "walileta tu mbuzi", kana kwamba si kitu. Mwanangu, ni kitu kikubwa. Sheria ya Ndoa ya Kenya ya mwaka 2014 inaitambua ndoa ya kimila sawa na ya kanisani, na inasema hata sehemu ndogo tu ya mahari inatosha kuithibitisha. Kwetu Ukambani mbuzi wa ntheo, wale wanaoletwa na upande wa mume, ndio ndoa yenyewe, na korti zetu zimesema hivyo zaidi ya mara moja. Kwamba hamkuandikishwa kwa Msajili hakuifuti. Na kuachana kwa kila mtu kushika njia yake si talaka. Wazee wanaweza kukaa, mbuzi wa ulee, yule wa kuachana, akarudishwa, lakini kwa sheria ya sasa ni hakimu anayeivunja ndoa hiyo. Kwenye fomu ya visa na mbele ya msajili wa Leeds utaulizwa kama umewahi kuolewa, na utatia sahihi yako.

Wakili akikushinda bei, FIDA Kenya, chama cha wanasheria wanawake, husaidia wanawake, na ofisi yao iko hapa Nairobi. Lakini kabla ya wakili, Jumamosi panda matatu uende Machakos, ukae na babako peke yake, umwulize: walikuja lini, walikuwa mbuzi wangapi, waliitwa mbuzi wa nini, na nani alikuwepo. Andika kila jina. Kisha niandikie tena.