Maoni Yakae Kwenye Kanuni: Kutengeneza Mchezo wa Mezani Kuhusu Kufungwa kwa Ziwa Tanganyika

Tangu Ziwa Tanganyika lifungwe kwa uvuvi kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti 2024, kwa makubaliano ya nchi nne zinazoligawana, kila kijiwe cha Kigoma kina msimamo wake. Yupo anayesema samaki waachwe wazaane, yupo anayeuliza watoto wale nini. Mwandishi anaweza kuandika makala. Mbunifu wa michezo anaweza kumweka msomaji mahali pa mvuvi na kumwachia uamuzi, na kwa jambo kama hili naona hiyo ndiyo njia bora.

Wengi wanaojaribu hukosea mapema: wanaandika hotuba kwenye kadi. "Umevua kwa kokoro, wavu haramu, rudi nyuma hatua tatu." Mchezaji anarudi hatua tatu na hajafikiri chochote. Maoni yako yakae kwenye kanuni na kwenye hesabu.

Chukua mfano huu. Wachezaji ni wanne: Tanzania, Burundi, Kongo na Zambia. Katikati weka kete 40. Hao ndio dagaa. Kila mchezaji apewe akiba ya kete 6 na kadi tano zenye namba 0 hadi 4. Kila raundi, wote wanachagua kadi kwa siri, wanafunua kwa pamoja, na kila mmoja anachukua kete kulingana na namba yake. Waliobaki ziwani wanaongezwa nusu yao, nusu isiyotimia haihesabiwi, na ziwa halizidi 40. Kete za bao hazitatosha, maana ziko 64, na 40 zikiwa ziwani na 24 mikononi hazibaki za kuzaliana. Tumia punje 100 za mahindi.

Sasa piga hesabu kabla ya kuchora chochote. Wote wakivua 3, wanabaki 28, wanaongezeka 14, ziwa linajaa tena. Mmoja akivua 4 na wengine 3, wanabaki 27, wanaongezeka 13, jumla 40. Ziwa halijapungua hata kete moja, na yule mmoja anatajirika. Wawili wakivua 4, ziwa linakwenda 39, 37, 34, 30, 24, 15, kisha 1. Wote wanne wakivua 4, raundi ya tano zimebaki kete 7 tu na wao wanadai 16. Hapo mchezo umesema jambo ambalo makala ingehitaji kurasa nyingi: mkaidi mmoja haonekani, wa pili ndiye anayeua, na kwa raundi kadhaa kila mtu anaamini mambo ni shwari.

Ongeza mbalamwezi. Dagaa huvuliwa usiku wa giza kwa taa, zamani karabai na siku hizi za betri na sola. Mwezi ukiwa mpevu taa haiwavuti na wavuvi hukaa nchi kavu. Kwa hiyo kila raundi ya nne hakuna anayevua. Ukirudia hesabu ya wote kuvua 4, ziwa linafika raundi ya saba badala ya kuisha ya tano. Limecheleweshwa tu.

Kisha chakula, na hapa usiogope kubana. Kila raundi, hata ya mbalamwezi, kila mchezaji anatoa kete 2 za kulisha nyumba. Anayevua 3 kwa uaminifu anapata 9 katika raundi nne na kula 8. Akiba yake imekua kwa kete moja. Kufunga ziwa kwa raundi moja kunamla kete 2, yaani akiba ya raundi nane. Mbunifu anayependa ziwa lifungwe atashawishika kuondoa kanuni ya chakula ili kufunga kuonekane kwepesi. Asifanye hivyo, maana atakuwa ametengeneza mchezo unaomsingizia mvuvi kuwa mchoyo. Aliyeishiwa asitolewe mchezoni. Akope kwa wenzake kwa masharti watakayopatana.

Uamuzi wa kufunga upitishwe kwa kura tatu kati ya nne, lakini kadi ziendelee kuchezwa hata ziwa likiwa limefungwa. Atakayeweka namba zaidi ya 0 ataonwa na wote, na hakuna adhabu ila ile waliyopanga wenyewe mapema. Hapo ndipo mabishano hasa huanza.

Kanuni ya ushindi ni muhimu kuliko zote. Ukisema mwenye akiba kubwa anashinda vyovyote iwavyo, watashindana kulimaliza ziwa. Sema hivi: kete zisipotosha walichodai wote, wote wameshindwa. Wala wasijue raundi ya mwisho, maana wakiijua kila mmoja ataweka 4. Kuanzia raundi ya 10 tupeni dadu kila raundi inapoisha. Ikija 1 au 2, mchezo umekwisha.

Kuhusu vifaa: karatasi ya manila ya A4 inatoa kadi 9 za milimita 63 kwa 88. Kadi 20 za namba zinahitaji karatasi tatu, na nafasi saba zinazobaki zitumie kwa matukio kama dhoruba au bei ya mafuta kupanda. Migongo ya kadi usiiwekee fremu, kwa sababu printa za maduka ya steshenari husogeza upande wa pili milimita mbili tatu na fremu itaonekana imepinda, kisha kadi zitatambulika kwa mgongo. Wino wa printa ya kawaida huchujuka kwa mikono yenye jasho. Nakala ya fotokopi hudumu zaidi. Jina la waziri au tarehe ya tangazo la kufunga ziwa usiviweke kwenye kadi. Viweke kwenye karatasi ya maelezo, ambayo ni rahisi kubadilisha. Michoro mpe msanii anayeijua mitumbwi ya ziwani, asije akakuchorea jahazi la pwani.

Majaribio yafanyie kwenye mialo ya Kigoma, yaani Kibirizi, Katonga au Ujiji, siku za mbalamwezi, wavuvi wanapokuwa na nafasi. Wape kanuni kwa maandishi, kaa kimya, andika kila mahali wanaposimama kuulizana. Wakihamia lugha yao ya Kiha, usiwakatize. Huko ndiko wanakosema wanachoona kweli. Wakisema chakula cha kete 2 ni kingi au kuzaliana kwa nusu ni uongo, badilisha namba moja tu kisha wacheze tena, kwani ukibadilisha mbili hutajua ipi imeleta tofauti. Kucheza kwa fedha kataa tangu mwanzo, kwa sababu michezo ya kubahatisha ina sheria yake na leseni zake.

Mtu akiiga wazo lako, Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 haitakusaidia, kwani wazo halilindwi. Maandishi ya kanuni na michoro yanalindwa, kwa hiyo tia jina na mwaka kwenye kila nakala, na mpatane na msanii kwa maandishi kabla hajashika kalamu.