Bunduki ya kwanza ya shabaha: nianze na ipi?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Leseni nimeshapata na klabu nimeshajiunga. Nataka bunduki ya .22 (ya risasi ndogo, kipenyo kama inchi 0.22) ya kulengea shabaha tu, kuwinda sina haja nako. Klabuni mmoja ananihimiza ninunue inayojipakia yenyewe, mwingine anasema .22 ya kawaida ni kupoteza hela, nichukue magnamu. Mimi ni mfupi, na kila niliyoshika naona imenizidi. Nichague ipi?

JIBU: Marahaba. Hilo ulilolitaja mwishoni, la ufupi, ndilo la kuanza nalo. Wenzako wanabishana kuhusu mitambo na risasi, lakini bunduki isiyokutosha mwilini haitakufundisha kitu. Hakikisha kwa macho na kwa kidole kwamba chemba, pale risasi inapokaa, ni tupu. Kisha kunja mkono, weka kitako kwenye kiwiko, uone kama kidole kinafika kwenye kifyatulio bila kujivuta. Halafu fumba macho, iweke begani, laza shavu, ufumbue. Jicho likiwa sawasawa na darubini, hiyo ni yako. Ukilazimika kunyoosha shingo, irudishe, hata ingesifiwa vipi. Zipo zenye vitako vinavyorefushwa na kufupishwa, na kitako cha mbao fundi wa bunduki anaweza kukikata. Wanafunzi wangu wafupi huanza kupiga vizuri siku hiyo hiyo kitako kinaporekebishwa, na mimi hufurahi kuliko wao.

Magnamu iache. Risasi yake, .22 WMR, ilitolewa na Winchester mwaka 1959, na inafaa kwa kuwinda wanyama wadogo kwa masafa marefu kidogo. Bei ya kila risasi ni kubwa zaidi, na kwa karatasi iliyo mita 50 hupati faida yoyote. Tena hazibadilishani: bunduki ya .22 LR, yaani ile .22 ya kawaida, haili magnamu. Hii .22 LR unayoambiwa ni ya kupoteza hela ipo tangu 1887, na ndiyo inayotumika kwenye Olimpiki katika mashindano ya bunduki ya mita 50, ambako duara la pointi kumi lina upana wa milimita 10.4.

Kuhusu kujipakia yenyewe, Ruger 10/22 ipo tangu 1964, ni bunduki nzuri na vipuri vyake ni vingi. Lakini kwa anayeanza ningependa ya komeo, ile unayoivuta kwa mkono kila risasi. Inakupa nafasi ya kupumua, kutazama ulipopiga na kujiuliza kwa nini. Pia haikwami kwa risasi dhaifu, ilhali inayojipakia hutegemea nguvu ya mlipuko kusukuma mtambo, na risasi dhaifu huikwamisha. Zitazame CZ 457 na Savage Mark II, ya pili ikiwa mfuko ni mwembamba.

Sasa risasi, na hapa ningekuomba utulie. Katika risasi hizi dawa ya kuwashia imo ndani ya ukingo wa ganda, na pini hupiga ukingo huo. Ganda likishatumika halijazwi tena nyumbani, kwa hiyo utategemea usawa wa kazi ya kiwandani. Halafu kila mtutu una inayoipenda, hata bunduki mbili za aina moja hutofautiana. Nunua boksi moja moja la aina kadhaa, egemeza bunduki, piga tano tano kwa mita 50, ulinganishe matundu. Ukipata inayokusanya matundu pamoja, nunua nyingi za toleo hilo hilo.

Usivutiwe na boksi linalojisifu kwa kasi. Risasi ya kasi ya kawaida hutoka kwa takriban mita 325 kwa sekunde, chini ya kasi ya sauti. Ya kasi kubwa hutoka kwa kama mita 380, ikapungua njiani hadi kuuvuka mpaka wa sauti, na hapo huweza kuyumba. Kwa shabaha, ya kawaida ndiyo ninayoiamini.

Darubini iwe ya .22, iliyorekebishwa kwa takriban mita 50. Nyingi za bunduki kubwa hurekebishwa kwa 100, na ukisogeza jicho kidogo tu alama itahama juu ya shabaha.

SWALI: Mwalimu, nikifyatua risasi isilipuke, nifungue komeo niitoe?

JIBU: Hapana, usifungue! Mara chache dawa huchelewa kuwaka. Mdomo wa mtutu ubaki umeelekea kwenye shabaha, hesabu sekunde 30 kamili, ndipo ufungue, uso ukiwa kando. Kama ulisikia mlio hafifu kuliko kawaida, usipige nyingine kabla fundi au msimamizi hajahakikisha kuwa mtutu hauna risasi iliyokwama. Na mlio mdogo wa .22 usikudanganye: risasi yake huweza kufika zaidi ya kilomita moja na nusu, kwa hiyo piga tu penye kingo ya udongo nyuma ya shabaha. Ukimaliza nawa mikono kwa sabuni kabla ya kula, maana risasi hizi ni za madini ya risasi, na ni sumu.