Jibu: Ouidah kwa siku moja ukitokea Cotonou

Ndugu, umeuliza kama siku moja inatosha kuiona Ouidah, mji wa pwani nchini Benin, ukitokea jiji la Cotonou. Inatosha, ni kama kilomita 40 tu, ila ondoka asubuhi na mapema: teksi za kuchangia hazina ratiba, husubiri zijae. Patana bei kabla ya kupanda, hata bodaboda, ambazo huko huitwa zemidjan.

Kinachowakwamisha wengi ni chenji. Noti ya faranga 10,000 muuza maji haigusi. Ivunje mjini upate za 500 na 1,000. Faranga za Kameruni usibebe, hazipokelewi ingawa thamani ni ileile na za Benin.

Njia ya Watumwa, waliyopitishwa watumwa kwenda kupakiwa melini, ni karibu kilomita 4 hadi ufukweni, jua kali. Baharini usiogelee, mkondo huvuta. Penye madhabahu ya dini ya jadi ya Vodun, omba ruhusa kabla ya kupiga picha. Na kadi ya homa ya manjano usiisahau!