Nishati ya giza haivaliwi mkononi

SWALI: Assalamu alaykum mwalimu. Nimeona video inasema nadharia ya nyuzi imeshafumbua kwa nini ulimwengu unatanuka kwa kasi inayozidi. Na hapa Wete kuna mtu anauza bangili ya "nishati ya giza", baba kainunua kwa ajili ya mgongo. Kuna ukweli?

JIBU: Waalaykumu salaam. Nianze na bangili, maana nimechoka kuulizwa.

Nishati ya giza ni jina la kile kinachodhaniwa kuusukuma ulimwengu utanuke kwa kasi inayozidi. Ipo kila mahali, lakini imetandaa nyembamba mno. Chukua nafasi yote iliyojazwa na dunia yetu, tufe zima, upime nishati ya giza iliyomo kwa uzito: miligramu sita hivi. Haifiki punje moja ya mchele. Sasa huyo muuzaji kwenye bangili kaitia wapi?

Tuje kwenye video. Kutanuka huko kwa kasi inayozidi kuligunduliwa 1998, na wanasayansi Perlmutter, Schmidt na Riess wakapewa Nobel 2011. Walitazama nyota zinazolipuka kama unavyotazama taa za wavuvi wa dagaa usiku: taa ni zile zile, ukiiona moja hafifu kuliko ulivyotarajia, ujue chombo kiko mbali zaidi. Nyota zao zilikuwa mbali kuliko walivyotarajia, ndipo wakajua kutanuka kunazidi kasi. Hapo watu wamepima. Nadharia ya nyuzi, inayosema vitu vyote chini kabisa ni vinyuzi vidogo mno vinavyotetema, bado ni hesabu.

Hesabu yenyewe inataka nafasi iwe na pande za ziada, zaidi ya urefu, upana na kimo, zilizokunjika tusizione, na namna za kuzikunja hukadiriwa kufika 1 yenye sifuri 500 nyuma yake. Mtu akija na shada la funguo kubwa kiasi hicho, usiseme kafungua mlango wako. Hata tundu hajaligusa. Mwaka 2003 wanafizikia wanne walionyesha njia ya kupata, ndani ya nadharia hiyo, ulimwengu unaotanuka kama wetu. Mwaka 2018 mwanafizikia Cumrun Vafa na wenzake wakatilia shaka kama nadharia hiyo inauruhusu kabisa. Wenyewe bado wanavutana, lakini mwenye video keshamaliza! Na vipimo vilivyotolewa 2024 na 2025 kutoka darubini ya Arizona, Marekani, vina dalili kwamba nishati hiyo huenda inapungua nguvu. Dalili tu.

Muuzaji haya yote hayamhusu. Jana alikuwa na maji ya "kwantamu", leo bangili, kesho atakuja na mafuta ya "mtetemo wa nyuzi". Huchagua neno ambalo mnunuzi ataona haya kuuliza maana yake. Nyinyi muulizeni, tena mbele za watu: umeipima kwa chombo gani?

Baba mpeleke hospitali. Kama mgongo ulianza msimu wa karafuu, kwa kupanda mikarafuu au kubeba magunia, amwambie daktari hivyo hivyo.